Bonyeo

Walitukataza saruji.
Bwana wa Mambo ya Kale alikuja na faili kwapani,
akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kama abishaye hodi:
"Huu unapumua. Mkiuziba, unyevu utauua."
Basi tukazima chokaa kwenye mapipa, Juni,
Iringa ikiwa inang'ata masikio,
na maji yalipochemka bila kuni
tukayazunguka mapipa, mafundi sita,
tukaota moto wa ukuta.

Nilikwangua rangi mwezi mzima.
Kijani ya halmashauri. Chini yake rangi ya maziwa,
chini yake buluu ambayo hata wazee wa Miyomboni
walibishana ni ya mwaka gani,
na mwisho jiwe lenyewe, kimya,
kama mtu aliyevuliwa makoti mbele za wakwe.

Orodha ya vitu vya kulindwa niliisoma yote,
maana mimi husoma ninachosaini.
Matao kumi na moja. Milango miwili ya mninga.
Bawaba zake. Kengele isiyo na ulimi.
Sikuona sado, ile ya bati, iliyobonyezwa kitako
ili maharage yapungue na mteja asijue.
Sikuona harufu ya perege wa Mtera.
Watu walikwisha kupelekwa kwenye mabanda, kule bondeni.
Mabanda ya muda, waliambiwa.
Muda wa nani, hakuna aliyeuliza.

Jiwe la nne kutoka nguzo ya mashariki
lilikuwa limezama katikati, laini kama kiganja.
Nimeshachanganya udongo wa kulijaza, mwiko mkononi,
Atuganile msanifu akapiga goti na suruali yake safi:
"Usizibe! Hili nani alilichonga?"
Nikamwambia, halikuchongwa. Ni Semfilinge.
"Fundi wa zamani?"
Muuza maharage. Amelikalia miaka thelathini na minane.
Akaandika kitu kwenye daftari. Akapiga picha nne.
Wiki iliyofuata lilikuja agizo la kioo kinene
na taa ndogo ya kuweka chini yake.

Maduka yakafunguliwa. Simu, viatu, miwani,
na kahawa ambayo kikombe kimoja ni kisado cha maharage
na chenji hupati.
Nami wakaniacha niwe mwangalizi wa paa.

Alikuja Alhamisi, mvua imekatika,
kikapu cha milulu mkononi, matope ya bondeni miguuni.
Mlinzi akamwambia, "Mama, mzigo usiweke chini."
Hakumjibu. Aliangalia nguzo, akahesabu mawe kwa midomo:
moja, mbili, tatu.
"Kamwene, Luhwago. Ndipo hapa?"
Ndipo hapo, mama.
"Na taa hii inawaka hata usiku?"
Hata usiku.
"Umeme analipa nani?"
Sikujua. Nilisema labda mwenye jengo.
Akacheka kwa pua.
"Ushuru nimelipa kila siku ya Mungu,
nikiuguza nimelipa, nikifiwa nimelipa,
na jioni nilikuwa nahesabu pesa kwa kupapasa.
Sasa nimeondoka, ndipo makalio yangu yanamulikwa."

Watu wawili wenye mifuko ya viatu walisimama.
Mmoja alisoma kibao ukutani kwa sauti,
akafika mwisho, jina hakulikuta, akarudia juu.

Semfilinge akanisogelea.
"Kioo hiki ulikiweka wewe?"
Mimi.
"Kinabeba mtu?"
Kinabeba, mama. Kinabeba hata wawili.

Basi akatua kikapu. Akakunja khanga magotini,
akashuka taratibu, kwa mkono mmoja kwenye nguzo,
mahali uleule ambapo nguzo imeng'aa,
akakaa.

Mlinzi alinitazama.
Mimi nikainua uso,
nikaanza kukagua paa, boriti kwa boriti,
kama fundi aliyesikia tone.